Verdiana Apolinari, Aliyewajua Kumbikumbi

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Ijumaa tarehe 20 Novemba 1998, ni Mama Verdiana Apolinari, aliyezaliwa Inyonga tarehe 12 Machi 1941, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Apolinari na Bibi Josefina, wakulima wa Kikonongo. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1951 hadi 1954, akaishia darasa la nne, kwa kuwa darasa la tano lilikuwa mbali, na nyumbani mikono ya kulima ilikuwa michache.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa na Mzee Agustino, mfanyakazi wa reli, wakahamia Mpanda mjini, wakajaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, wakabaki Faustini, wa mwaka 1966, na Dorika, wa mwaka 1972. Mzee Agustino alifariki tarehe 3 Agosti 1983, na tangu hapo marehemu aliwalea wanawe kwa kuuza kumbikumbi wakavu sokoni, wateja wake wakiwa watu wa reli, walimu, na ndugu zetu wa kambi ya wakimbizi ya Mishamo waliokuja na baiskeli, ambao walimtania kwamba Mkonongo hajui kukaanga, kisha wakaondoka na debe zima.

Kazi hiyo aliifanya kwa uangalifu mkubwa: aliwakaanga bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao, akawaanika juani mpaka wavunjike kwa vidole, akapeperusha mabawa kwa ungo, na kumbikumbi waliotua karibu na mashamba ya tumbaku yaliyopuliziwa dawa aliwafukia, hata mteja akimbembeleza, akisema, "Mwanangu, mimi nauza chakula, siuzi ugonjwa."

Mwaka 1993 Dorika alikwenda chuo kikuu, Morogoro, kusomea sayansi ya chakula. Huko mwenzake mmoja, alipoona mfuko wa kumbikumbi uliotoka nyumbani, alimuuliza mbele ya bweni zima, "Kwenu mnafuga kuku, au mnagombania nao chakula?" wakacheka, naye Dorika akacheka pamoja nao, akasema mfuko si wake. Alipofika mwaka wa mwisho akachagua kumbikumbi kuwa utafiti wake, akapima protini, mafuta na unyevu, akathibitisha kwamba waliokaushwa kwa namna ya marehemu walikaa miezi minne bila kuvunda, akapongezwa na walimu wake. Katika kurasa zote sitini na mbili aliandika "imebainika" na "sampuli ilinunuliwa sokoni", ilhali hakununua hata punje moja, wala hakubaini jambo ambalo mama yake hakuwa amemwambia. Aliogopa wasije wakajua kwamba alikuzwa kwa chakula hicho.

Tarehe 24 Mei 1997 aliileta ripoti hiyo Mpanda, akamsomea marehemu uani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mimi wameniandika wapi?" Dorika akamjibu kwamba mambo ya kitaalamu hayaandikwi majina ya watu. Huo ulikuwa uongo, kwa sababu ukurasa wa pili una majina tisa ya walioshukuriwa, akiwemo fundi wa mizani. Marehemu akasema, "Haya, nyie wasomi mna mambo yenu," akaenda kuteka maji, asiulize tena.

Shinikizo la damu lilimwanza Februari 1998, akapata kiharusi tarehe 2 Novemba, akalazwa hapa Mpanda, naye Dorika, aliyefika tarehe 5, alimkuta hawezi tena kusema. Aliaga dunia Jumatano tarehe 18, saa nne asubuhi. Barua ya kuomba chuo kiongeze jina lake katika ripoti ilipelekwa posta jana, miezi kumi na minane kasoro siku tano tangu aulize.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku kumi na sita, majirani waliopika na kulala hapa, Mama Lidia na wauzaji wenzake waliofunga meza zao siku mbili, wafanyakazi wa reli, na jumuiya ya kanisa. Dorika ameomba haya yote yasomwe, bila kupunguzwa neno, na anamwomba mama yake msamaha mbele yenu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo alipomkana.

Mama Verdiana Apolinari, Mungu akupe pumziko la amani.