Kuponi za Binamu Irene

Benchi letu liko nje ya supamaketi pekee iliyobaki Marlow Bend, kati ya mashine ya barafu na mlango wa kioo unaofunguka wenyewe. Ni benchi la chuma, la kijani, baridi mwaka mzima. Siku yetu ni Jumatano, maana Jumatano duka linahesabu kila kuponi mara mbili: ukija na ya kukupunguzia nusu dola, unapunguziwa dola nzima. Wake huingia, waume hukaa. Redio, ambaye jina lake ni Lenny Vaccaro ila hakuna anayelitumia, ndiye huleta kahawa kwenye chupa kubwa. Jaji ni Walt Dombek. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mmoja wa wale kumi na wawili wanaosikiliza kesi, wiki mbili tu, kesi ya mtu aliyeiba boti, na tangu hapo anajua sheria zote za nchi hii. Mimi wananiita Posta, nilibeba barua mjini hapa miaka thelathini na moja. Sina tena mke wa kumsubiri, ila nimezoea kusubiri. Na Emil Hruska tunamwita Breki. Aliendesha lori la mawe maisha yake yote bila ajali hata moja, kwa sababu alikuwa anasimama kabla ya kila kitu.

Jumatano hiyo ya Oktoba, Wanda, mke wa Breki, alikuwa ndani kwa saa nzima na nusu.

– Anachelewa leo, alisema Redio.

– Ana kuponi nyingi, nikamjibu.

– Hata akiwa nazo nyingi hazidi dakika arobaini. Namjua Wanda. Watu wakiona lile faili lake la buluu wanahama foleni, lakini yeye hana mchezo. Kila kuponi iko mahali pake. Unakumbuka ile siku ya dawa ya meno? Alitoka na maboksi sijui mangapi, na duka ndilo likamrudishia chenji!

– Na chakula cha paka, alisema Jaji. Makopo themanini, bure. Na paka hana.

Kwa kawaida hapo ndipo Breki husema, «Ilibidi tutafute paka,» na sisi tunacheka kama hatujawahi kuisikia. Safari hii aliangalia mlango tu. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na kahawa yake ilikuwa bado imejaa mpaka ukingoni, imeshapoa.

Ndipo tulipomwona kupitia kioo Darlene, keshia wa kaunta ya tatu, akisukuma toroli. Lilikuwa limejaa: sabuni ya unga, karatasi za chooni, makopo ya supu. Alikuwa anatoa kimoja kimoja na kukirudisha kwenye rafu.

– Hilo toroli la Wanda, alisema Redio polepole.

– Umejuaje?

– Koti lake liko juu yake.

Kweli, koti la Wanda, lile la zambarau, lilikuwa limetundikwa kwenye mpini. Jaji akasimama, akaweka paji la uso kwenye kioo, akakaa tena.

– Wamempeleka ofisini. Nimemwona kupitia kidirisha cha mlango, amekaa kwenye kiti. Yule meneja mpya amesimama mbele yake, ana karatasi mkononi.

– Labda wanampa zawadi, alisema Redio. Mteja bora wa mwaka.

– Zawadi gani inatolewa mlango umefungwa, bwana? alisema Jaji. Sikiliza. Hizo ni kuponi feki.

Kikombe cha Breki kikamwagika kidogo juu ya goti lake. Hakupangusa.

– Feki vipi? nikauliza. Wanda anakata gazetini.

– Gazeti gani, Posta? Gazeti la mji lilikufa Januari! Siku hizi kuponi ziko kwenye simu, na Wanda hataki simu. Sasa anazitoa wapi? Jiulize. Kuna watu wanachapisha kuponi kwenye vyumba vya chini ya nyumba, mistari myeusi ya kusomwa na mashine na kila kitu, huwezi kutofautisha. Halafu wanauza. Ukikamatwa nazo, hiyo si kesi ya polisi wa hapa. Inakwenda Washington.

– Acha hizo, Jaji, nikamwambia.

– Nakwambia! Kuponi ni kama pesa. Ukitengeneza pesa, wanakuja na suti nyeusi.

Redio naye hakukubali kupitwa.

– Mimi nilisikia kuna mama mmoja huko Toledo, walikuja mpaka nyumbani. Walihesabu karatasi za chooni moja moja. Walichukua hata friji.

– Friji ya nini?

– Ushahidi.

– Na nyumba je? aliuliza Breki. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo. Wanaweza kuchukua nyumba?

Jaji alikunja mikono kifuani, akafikiri kama mtu anayelipwa kufikiri.

– Inategemea, alisema. Kama ni mtandao wa watu wengi, nyumba inakwenda. Lori pia. Hata paka.

Hapo nilitaka kucheka, lakini nilimwangalia Breki nikaacha. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. 

– Breki, nikamwambia. Unaumwa?

– Ni mimi, alisema.

– Ni wewe nini?

– Zile kuponi. Ni mimi niliyezinunua.

Mlango wa kioo ulifunguka, mtu akatoka na maziwa, ukafungika. 

Breki akatusimulia, macho yake chini. Gazeti lilipokufa, Wanda hakulalamika. Ila kila Jumapili baada ya kanisa, kama miaka yote, alikuwa anafuta meza, anaweka mkasi, anaweka faili la buluu, halafu anakaa. Anakaa tu. Anashika mkasi, hana cha kukata. Nusu saa, kisha anainuka kwenda kumenya viazi. Wiki baada ya wiki. Breki alikuwa anamwangalia kutoka kwenye kiti chake na hajui aseme nini. Halafu mwezi uliopita, kwenye soko la vitu vya mitumba kule barabara kuu, akamkuta mtu na boksi. Kurasa nzima nzima za kuponi, hazijakatwa, kama zile za zamani. Akanunua fungu.

– Na ukampa? aliuliza Redio.

– Ningempaje? Angeniuliza nimezitoa wapi. Nilizitia kwenye bahasha, nikaandika kwa mkono wa kushoto, nikaenda kuiposti mji wa pili. Kama mtumaji nikaweka jina la binamu yake. Irene, wa Cleveland.

– Akaamini?

– Alifurahi. Alikata mpaka saa kumi. Aliimba, Posta. Sijamsikia akiimba tangu mwaka juzi.

Nilibeba barua miaka yote hiyo na sikuwahi kufikiria kwamba mume na mke wa nyumba moja wanaweza kuandikiana kwa njia hiyo. Lakini Jaji hakuwa na nafasi ya mambo ya moyo. Alikuwa ameshaanza kupauka na yeye.

– Ngoja, ngoja. Sasa hivi pale ndani wanamuuliza amezipata wapi.

– Ndiyo.

– Na yeye anasema kwa Irene.

– Ndiyo, alisema Breki.

– Basi wanampigia Irene.

– Na Irene atasema hajui kitu! alisema Redio. Atasema hajatuma bahasha yoyote! Wanda ataonekana mwongo. Mwongo mwenye kuponi feki!

– Au Irene ataogopa na kukata simu, alisema Jaji. Wakati huo huo polisi wa Cleveland wako mlangoni kwake. Irene ana miaka mingapi?

– Themanini na mbili.

– Anaumwa moyo?

– Ana kile kifaa cha kusaidia moyo.

– Mungu wangu, alisema Redio.

Breki alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti. Jaji akamwambia asitoe neno hata moja mpaka apate wakili. Redio akasema bora aende nyumbani akachome bahasha. Mimi nikasema kitu cha kijinga kuhusu mihuri ya posta, kwamba muhuri unaonyesha mji, na nikajuta kabla sijamaliza. Tukawa tunasema wote kwa pamoja. Kila mmoja na mpango wake, kila mpango mbaya kuliko uliotangulia, na katikati yetu mwenye shida amejikunja kama mtu anayenyeshewa mvua peke yake.

– Samahani wazee, naweza kukaa?

Alikuwa binti mmoja aliyevaa nguo za buluu za wauguzi. Alihamia mjini mwezi ule, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na basi lake husimama pale mbele. Beji yake ilisema Marisela. Tukasogea. Akakaa pembeni, akasikiliza kidogo, maana huwezi kukaa pale usisikie.

– Ni nani aliyekamatwa? aliuliza.

– Mke wa huyu, alisema Redio, akimwonyesha Breki kwa kidole.

– Yuko wapi?

– Humo ndani. Ofisini, nyuma ya kaunta ya huduma.

Binti akageuka, akaangalia mlango. Kutoka benchi mpaka mlangoni ni hatua sita. Nimewahi kuzihesabu. Akamgeukia Breki, akauliza bila ubaya wowote, kama anavyowauliza wagonjwa wake wanaumwa wapi:

– Sasa wewe uko hapa nje unafanya nini?

 Redio alianza kumimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa na kahawa. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Breki akainuka. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akaingia.

Sisi wote tukaenda kwenye kioo, na Marisela nyuma yetu. Tulimwona akipita kaunta ya tatu, akisimama mbele ya mlango wa ofisi. Alisimama pale muda mrefu. Niliamini kabisa atarudi. Kisha akagonga.

Mlango ulibaki wazi nusu. Sauti hatukuisikia, tuliona tu mkono wake ukiwa na kofia, ukipanda na kushuka. Meneja alikaa kwenye kona ya meza. Wanda hakugeuka kumwangalia mumewe hata mara moja. Basi la Marisela lilikuja likaondoka, yeye hakupanda.

Walitoka baada ya robo saa. Wanda mbele, amevaa koti lake, faili la buluu kwapani. Breki nyuma yake kwa hatua tatu. Hawakuwa na mfuko wowote. Tulikimbilia benchi tukakaa kama watu ambao hawajainuka tangu asubuhi.

Wanda akasimama mbele yetu.

– Wamezichukua zile, alisema. Zangu wamenirudishia. Hawaiti polisi, ila tukirudia hatukanyagi tena humu.

– Afadhali, Wanda, alisema Redio.

– Afadhali? Lenny, nimekaa kwenye kile kiti saa nzima! Yule kijana ananiuliza, mama umezitoa wapi, mama umezitoa wapi. Nimekataa kumjibu. Nilimwambia ni zangu, basi, nifungeni. Nilikuwa namlinda Irene!

 Akamgeukia Breki.

– Irene, Emil! Mtu ambaye hajanitumia hata kadi ya Krismasi! Kwa nini ulifanya hivi?

Breki alikuwa anazungusha kofia mikononi.  

– Ulikuwa unakaa pale mezani, alisema Breki hatimaye. Jumapili. Huna cha kukata.

Wanda alimwangalia. Nilidhani atampiga na lile faili. Alifuta pua kwa nyuma ya mkono, akamsogeza Jaji kwa nyonga, akakaa. Miaka yote ile hakuna mke aliyewahi kukaa kwenye benchi lile.

– Ni baridi hivi? alisema. Na mnakaa kila wiki?

– Kila wiki, nikasema.

– Kahawa ipo?

Redio akageuza chupa juu ya kifuniko. Yakatoka matone mawili, meusi, na unga wa kahawa.

– Ndani wanauza, alisema Marisela. Pale karibu na mikate.

Breki akasema haraka kwamba hawana kuponi ya kahawa, kwamba wangoje, labda wiki ijayo watatoa.

– Emil, alisema Wanda, akimnyooshea pochi yake. Nenda kaninunulie kahawa. Lipa bei yake yote, kama watu wengine.