Maji ya Birika la Ng'ombe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mimi ni mama Raheli, wa shamba la pareto huku juu ya Njoro. Nimesimama kumshukuru Mungu, lakini nina uchungu, na leo sitauficha.

Binti yangu Raheli alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanza kukonda. Alikula sahani yake na ya babake, akazidi kukonda. Alikunywa maji kupita kiasi, na kila asubuhi godoro limelowa. Msichana mkubwa vile! Majirani walicheka. Mimi kwa aibu nikaanza kumnyima maji. Jua likitua nilificha debe la maji chini ya kitanda changu. Asubuhi nilimpa chai ya sukari nyingi apate nguvu. Nilidhani namsaidia!

Tulifunga, tukaomba. Hakupona. Ndipo wazee wa ushirika wetu huu wa maombi wakasema kuna dhambi mtoto ameificha, atubu mbele ya wote kama tunavyotubu sisi. Nikamshika mkono mimi mwenyewe, nikamsimamisha hapa hapa nilipo. Akasema, "Nimetenda dhambi. Mama akificha debe, mimi huenda kunywa maji kwa birika la ng'ombe. Nisameheni."

Nanyi mkaimba! Mlipiga makofi mkaimba, nami nikaimba. Alianguka kabla wimbo haujaisha.

Mungu alimtumia nyapara, yule mlevi mnayemsema kila Jumapili. Yeye ndiye aliyetuombea ruhusa kwa mzungu wa shamba, akatupakia kwenye lori mpaka hospitali ya Nakuru. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akachemsha mkojo wa Raheli na dawa ya bluu, ukageuka rangi ya matofali.

"Mama, huyu ana ugonjwa wa sukari."

Nikamwambia huo ni ugonjwa wa wazungu wazee. Akanionyesha kitanda cha pili, kitoto cha miaka sita. "Na huyu ni mzungu mzee? Wako wengi, mama. Ni vile wengi hawafiki hapa."

Ndugu zangu, nikakumbuka makaburi madogo ya shambani kwetu. Watoto waliokonda wakililia maji, tukasema wamelogwa.

Baada ya siku tatu za sindano Raheli alifumbua macho, akaniomba ruhusa ya kunywa maji. Ruhusa! Nililia mpaka wauguzi wakanitoa nje.

Leo anachomwa sindano kila siku, na yuko hai, haleluya! Mtumainini Bwana, kwa maana yeye mwenyewe aliona kiu msalabani. Lakini yule mtoto hakuwa na dhambi. Dhambi ilikuwa yangu, na yenu pia, nami natubu pale pale alipotubu yeye. Raheli, mwanangu, uliye kwenye benchi la mbele na chupa yako ya maji mapajani, nisamehe. Kunywa maji, mama.

Ndugu zangu, msiimbe kwanza. Mwacheni anywe.