Medali Iliyokataa Kukaa Kikapuni

Bwana asifiwe, watu wa Ihanda! Na ninyi mlioko nje chini ya turubai, Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Mchungaji amenipa dakika kumi, na wote mnanijua, mimi Sekela, binti wa mama huyu aliyekaa mstari wa pili na kilemba cha njano. Mdomo wangu haujawahi kutosheka na dakika kumi. Mnivumilie.

Ndugu zangu, nilikuwa mwongo. Sisemi nilidanganya mara moja moja kama watu wengine. Uongo ulikuwa ndiyo kazi yangu. Nilipomaliza shule nilikwenda Tunduma nikaanza kupitisha sukari mpakani kwa njia za panya. Naifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, naivalisha kofia ya sufu, upande ule wa Zambia nawasalimia watu kwa Kibemba, "mulishani," upande huu nikikutana na askari naanza kuibembeleza. Siku moja nilimwambia askari mwanangu ana homa. Yule baba wa watu akanionea huruma, akanipisha, akasema kimbia mama, mtoto asije akazidiwa. Mfuko wa sukari, jamani, una homa!

Mnacheka. Hata mimi nilicheka. Lakini mama alipojua hakucheka. Kuanzia siku ile kila nikimwambia jambo aliuliza mara tatu: "Kweli? Kweli? Kweli kabisa?" Akimaliza anampigia mtu mwingine simu kuhakikisha. Nikisema Tunduma inanyesha mvua, mama anamtafuta muuza nyanya wa Tunduma amuulize kama ni kweli. Inauma, ndugu zangu. Mzazi wako akuone ukisema, na macho yake yanatafuta shahidi.

Basi dada yangu akaolewa Uskoti, akaniita. Jamani kuna baridi huko! Hii ya Mbozi ya mwezi wa saba ni jikoni. Nikapata kazi ya usafi kwenye ukumbi wa barafu, na humo ndimo nilimokuta mchezo wanaouita kelingi. Timu ni watu wanne. Mmoja anatelezesha jiwe zito la karibu kilo ishirini juu ya barafu, liende likasimame ndani ya duara lililochorwa kule mwisho. Wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa fagio, ili lifike mbali na lisipinde. Atakayesogeza jiwe karibu zaidi na katikati ya duara ndiye anayepata alama. Nikasema, ala! Hawa watu wana makocha wa kufundisha kufagia!

Nahodha mmoja, dada Jeni, aliniona nikifagia ngazi. Ninyi mnajua mtoto wa kike wa Mbozi anashika ufagio kabla hajajua kuhesabu. Mgongo umeinama, mkono hauchoki. Akaniuliza kama nataka kujaribu kwenye barafu. Siku ya kwanza nilianguka mara sita. Mwaka wa nne nilikuwa mfagiaji wa kwanza wa timu yake ya wanawake, na tulikuwa tunasafiri kushindana, mimi huyu huyu!

Sasa sikilizeni. Mchezo ule una sheria ya ajabu. Ufagio wako ukigusa jiwe linalotembea, refa hapulizi filimbi. Wewe mwenyewe unainua mkono unasema, nimeligusa. Mwenyewe! Nilipoambiwa nilidhani wananitania. Mpakani nani anajishtaki?

Tukafika fainali, tukacheza na timu ya mama mmoja mkimya anaitwa Margareti. Jiwe la mwisho lilikuwa letu. Nikasugua mpaka mabega yanawaka, na karibu kabisa na duara ufagio wangu ukaligusa. Kidogo tu, lakini mkono wangu ulijua. Hakuna aliyeona. Nikavaa ule uso wangu wa sukari. Jiwe likasimama katikati, watu wakashangilia, nikavikwa medali. Nikamtumia mama picha, na kwa kuwa aliiona kwa macho yake, akaamini. Akaizungusha Ihanda nzima.

Mwezi wa saba nikarudi nyumbani na medali yangu, ikawa sikukuu ya mavuno kama leo. Utaratibu wetu mnaujua. Kila nyumba inaleta malimbuko yake mbele, yanaombewa, ndipo mnada unaanza. Na tangu mwaka ule jogoo wa watu alipoletwa hapa kama sadaka, mwenyewe akamtambua kwa sauti yake katikati ya maombi (na aliyemleta yumo humu, simtaji!), Mchungaji anamuuliza kila mtu kwa sauti: "Hiki ni cha shamba lako?" Nawe unajibu kanisa lote likisikia: "Ni cha shamba langu."

Mama alijaza kikapu kahawa, juu yake akalaza medali. Tukatembea naye hadi mbele, yeye anatabasamu kama bibi harusi. Mchungaji akamuuliza mama, mama akajibu. Kisha akanigeukia mimi: "Na hii, Sekela, ni ya shamba lako?"

Ndugu zangu! Mimi niliyeubembeleza mfuko wa sukari mbele ya mtu mwenye bunduki, nilishindwa kusema maneno manne! Nikafungua mdomo mara mbili hakuna kitu. Mara ya tatu ikatoka sauti ambayo hata mimi sikuijua, ikasema: "Hapana, Mchungaji. Nimeiiba." Nikaanguka hapo, karibu na debe la mahindi, nikalia na kueleza yote, ya jiwe na ya sukari. Wazee walikuja wakaniombea, nikasikia mzigo unatoka mgongoni kama mtu amefungua kitenge. Yesu alinifungua siku ile! Haleluya!

Lakini kufunguliwa si kumaliza. Mama aliitoa medali kikapuni, akanitia mkononi, akasema, "Kairudishe kwa mwenyewe."

Nikarudi Uskoti nikamweleza Jeni. Akatoka nje akaniacha nimesimama. Tulizirudisha medali zote nne kwa Margareti, na wenzangu hawakunisalimia. Nikatolewa kwenye timu. Msimu mzima nilirudi kufagia ngazi, nikiwasikia wenzangu wanacheza ndani. Niliumia, sitaficha. Kuna siku nilimwambia Mungu, ningenyamaza si ningekuwa humo ndani?

Msimu ulipoisha Jeni akanifuata pale pale kwenye ngazi. Akasema, "Wafagiaji wazuri nimewapata. Lakini wewe ulijisema wakati sisi wote hatujui. Rudi." Nikaacha ndoo hapo hapo, mpaka leo sijui nani aliiondoa.

Msimu huu uliopita tukafika tena fainali, na Mungu ana vituko, tukapangiwa na Margareti! Tena ikafika jiwe la mwisho, tena ni letu. Nikasugua kama ninafagia njia ya kupita mfalme. Na karibu kabisa na duara, pale pale, ufagio ukaligusa.

Shetani hakuchelewa. Akasema, hakuna aliyeona. Nikamwambia, mimi nimeona! Nikainua mkono, nikapaza sauti, "Nimeligusa!" Jiwe likaenda likasimama katikati. Sasa jiwe likiguswa pale mwishoni, nahodha wa wapinzani ndiye anayeamua litolewe au libaki. Likitolewa, tumeshindwa. Jeni alifumba macho. Margareti akaja taratibu, akaniuliza swali moja tu: "Umeligusa vipi?"

Nikasema, "Kidogo, ubavuni. Halikubadili njia."

Akanitazama. Akawageukia wenzake, akasema, "Liacheni. Huyu akisema kidogo, ni kidogo."

Bwana apewe sifa! Tulishinda! Tulishinda kwa jiwe ambalo adui yangu aliliacha kwa sababu ya neno la kinywa changu, kinywa hiki kilichomdanganya kila mtu kuanzia Tunduma!

Nikampigia mama kabla sijavua viatu. Picha sikutuma. Nikasema, "Mama, tumeshinda." Nikasubiri zile "kweli" zake tatu. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, hata namba ya simu ya Jeni nilikuwa nayo tayari nimpe.

Mama akasema, "Basi nitakuachia nafasi kwenye kikapu."

Hakuuliza hata mara moja, ndugu zangu.

Namshukuru Yesu, namshukuru mama yangu, namshukuru Mchungaji kwa swali lake. Na wewe uliyekaa humo ndani na kitu ambacho si cha shamba lako, usiogope kuja mbele. Mimi nimekuja, na sijafa. Mama, simama, leta kikapu. Mzee wa mnada, kahawa uza, ila hiyo medali iliyolala juu usiiguse. Mchungaji, niulize tena.