Yule Bwana wa Treni Alirudi au Hakurudi?

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekalia upande wa tofali ndiye hulaumiwa likiyumba, likitulia na mvua ikinyesha. Liko kati ya duka la magodoro na kibanda cha kinyozi, mbele ya jiko la Mama Kahawa, mwanamke anayemimina kahawa kwa mkono mmoja na kunyamazisha wanaume kwa mkono wa pili. Asubuhi hiyo tulikuwapo Profesa, muuza magodoro ambaye usomi wake wote uko kwenye miwani. Bomba, fundi wa mabomba ya maji, ambaye akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. Na mimi, mshona viatu. Mara akatujia Wembe, kinyozi wetu, uso umemsawijika kama mtu aliyejinyoa nyusi kwa bahati mbaya. Mkewe, aliyekwenda kumtunza binti yao aliyejifungua, anarudi leo. Tukampongeza. Akajishika kichwa.

Bomba: Vipi wewe? Mke anarudi, unakaa kama umefiwa?

Wembe: Ndugu zangu, nimekwisha. Siku anaondoka aliniambia, "Baba watoto, mimi sitaki zawadi. Nikirudi nataka uniambie mwisho wa ile filamu yetu. Nimeusubiri tangu nikiwa bibi harusi." Nami, kwa mdomo wangu huuhuu, nikamjibu, "Hiyo imekwisha, hesabu umepata."

Tukaguna wote kwa pamoja. Filamu yenyewe tunaijua. Enzi hizo deki ya kanda ilikuwa moja tu mtaani, sebuleni kwa Wembe, na kila Jumapili tulijazana pale mpaka wengine wakaangalia kupitia dirishani. Bwana mmoja na mchumba wake wako stesheni. Bwana anasema, "Nisubiri." Anapanda treni. Dada anabaki na mwavuli, machozi yanamlengalenga, treni inapiga honi, halafu, chwaa! Wanatokea pengwini. Kaka yake mke wa Wembe, katika kurekodi makala ya wanyama, alikuwa amefuta mwisho wote.

Wembe: Mwenzangu kafua nepi huko, kakesha na kichanga, na anaomba kitu kimoja tu. Leo mtanisaidia. Yule bwana alirudi au hakurudi?

Bomba: Alirudi! Hilo nalo la kuuliza? Bomba la jikoni kwa yule dada linavuja tangu filamu inaanza. Tone, tone, tone. Hakuna mwanaume mwenye akili anayeondoka moja kwa moja akaacha bomba linavuja.

Mimi: Wewe uliangalia bomba, mimi niliangalia miguu. Viatu vyake vilikuwa na soli mpya, imeshonwa pande zote. Mtu wa kwenda na kurudi hatii soli ya namna ile. Yule alikwenda jumla.

Bomba: Acha uongo! Soli uliionaje naye amesimama?

Mimi: Si alipanda ngazi ya treni? Ninyi mlikuwa mnamtazama dada, mimi nipo kazini.

Mama Kahawa: Mnamjadili bwana tu. Kwani yule dada hana miguu? Mimi nasema alifunga ule mwavuli, akapanda treni ya pili, akaenda zake kufungua biashara.

Wembe: Mama, usiniharibie ndoa.

Hapo Profesa, aliyekuwa akipuliza kahawa yake, akavua miwani.

Profesa: Samahani, jamani. Mbona mwisho tuliuona?

Bomba: Upi?

Profesa: Bwana alipoondoka, dunia ikawa barafu.

Benchi likaacha kuyumba.

Mimi: Profesa, unawasema wale pengwini?

Profesa: Ndiyo. Kumbe hamkuelewa? Yule anayesimama peke yake, yai kaliweka juu ya miguu, theluji inampiga mgongoni, hatikisiki. Si ndiye bwana huyo?

Bomba: Na kwa nini amekuwa ndege?

Profesa: Huzuni.

Bomba: Na treni?

Profesa: Imeganda.

Mimi: We mzee! Ile ni makala nyingine kabisa! Hata sauti ya msimulizi ilibadilika!

Profesa: Nikajua ana mafua. Si baridi ile?

Bomba alicheka mpaka akateleza upande wa tofali, na kahawa ya Profesa ikammwagikia mwenyewe magotini. Profesa hakujali. Alikuwa anatetea heshima ya maisha yake.

Profesa: Nililia mimi! Kila Jumapili!

Wembe: Tulikuona. Tukadhani unalilia filamu.

Profesa: Ndiyo filamu!

Mama Kahawa: Mwacheni. Mimi nisiyekuwa na miwani nilimpenda yule wa yai kuliko wa treni. Wa treni kasema maneno matamu, kaondoka. Wa yai hakusema kitu, hata kujinyoosha hakujinyoosha.

Wembe: Kwa hiyo nimwambie mke wangu kwamba mchumba aligeuka pengwini?

Bomba: La hasha! Mwambie hivi. Sasa nimekumbuka. Treni haikuondoka. Iliyoondoka ni stesheni.

Mimi: Stesheni iende wapi, wewe?

Bomba: Ndiyo fumbo lenyewe! Filamu za zamani zilikuwa na akili. Bwana alibaki palepale, dunia ndiyo ikampitia.

Profesa: Ikaelekea kwenye barafu.

Bomba: Naam, Profesa! Umeanza kuelewa!

Walipokwisha kupeana mikono, wale wawili waliokuwa maadui, nikajua hali ya Wembe imekuwa mbaya zaidi. Wakati huohuo akaja dada mmoja kununua kahawa, fundi wa simu aliyefungua kibanda ng'ambo ya barabara juzijuzi. Akatuamkia, akasikiliza kidogo, akatabasamu.

Fundi simu: Baba zangu, mbona rahisi tu? Naitafuta sasa hivi kwenye simu, mnauona mwisho hapahapa. Filamu inaitwaje?

Bomba akanitazama mimi, mimi nikamtazama Profesa.

Bomba: Ile ya treni.

Mimi: Ya mwavuli.

Profesa: Ya pengwini.

Fundi simu: Jina lake, baba zangu.

Wembe: Kwenye kanda pameandikwa "Usifute".

Fundi simu: Ndilo jina?

Wembe: Hapana. Aliandika mke wangu, ilipokwisha kufutwa.

Miaka yote ile ya kulia, kugombana na kushika maneno ya waigizaji kwa moyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza jina.

Mama Kahawa: Mpigie mwenye filamu. Labda yeye analijua.

Wembe akapiga, akaweka sauti ya juu, maana kwenye benchi letu hakuna siri.

Wembe: Mama watoto, hujambo? Hebu nikumbushe, ile filamu yetu inaitwaje?

Zikasikika honi za mabasi, watu wakiitana, na mtu akivuta pumzi ndefu.

Mkewe: Filamu gani tena, baba watoto? Mimi nimeshashuka. Niko stendi, nimekaa juu ya begi langu. Wote niliosafiri nao wamepokelewa, wameondoka. Wewe uko wapi?

Wembe akatukodolea macho, kwamba tumsaidie jibu. Bomba akawa anachungulia ndani ya kikombe kitupu. Profesa akafuta miwani aliyokwisha kuifuta. Mimi nikakuta kiatu kinachohitaji kutazamwa kwa makini sana.

Mama Kahawa akamnyang'anya Wembe kikombe.

— Kimbia, wewe!

Akakimbia. Simu ikiwa bado wazi mkononi, "Nakuja, mama watoto, nakuja!", sandali moja ikamtoka akaiacha. Bomba akaiokota akamfuata, akipiga kelele magari yapishe. Profesa nyuma yake, anapepesuka, anahema. Mimi nikaacha sindano imekwama katikati ya soli ya watu, nikatimua mbio. Kugeuka nyuma, namwona fundi simu, asiyemjua mke wala filamu, anakuja na Mama Kahawa aliyebeba birika. Safari hii hakuna aliyekubali kuukosa mwisho.