Bi Mwanakuu na Jiko la Ghorofa ya Juu

Assalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Mwenye chai naipoe kwanza, mwenye mtoto mkorofi ampe cha kuchezea, maana leo nina habari ya mtu mmoja tu na sitaki kuisema mbio. Ni mimi Sabir, na tumekaa kuwakumbuka waliotutangulia.

Niseme kweli. Vipindi hivi vya kumbukumbu mimi mwenyewe nina shaka navyo. Kila anayekufa Mombasa tunaambiwa alikuwa mpole, mkarimu, hakumkosea mtu. Basi wale waliokuwa wakitugombeza mitaani walikwenda kufia wapi? Leo hamtasikia hayo. Leo namkumbuka Bi Mwanakuu, mshona kofia wa Ndia Kuu, aliyefariki Jumatatu ya wiki iliyopita. Bi Mwanakuu hakuwa mpole. Alikuwa mtu wa shaka, na alimshuku kila mtu, mimi nikiwemo.

Akiletewa maziwa, huyanusa kwanza, kisha humtazama muuzaji usoni, ndipo akatoa chombo. Samaki humfungua mashavu kwa mkono wake mwenyewe, aone wekundu, na bado humwapisha mchuuzi kwamba ni wa asubuhi hiyo. Nilipokwenda kwake, miaka kama miwili nyuma, kumhoji juu ya kazi ya kofia, alikitazama kinasa sauti changu kama mtu aliyeletewa nyoka. Akaniambia, "Kizime." Nikakizima. Akaniambia, "Sasa kiweke nje." Nikakiweka nje ya mlango, mimi mtangazaji mzima. Ndipo akanikaribisha kahawa, kahawa chungu iliyojaa tangawizi, na akazungumza mpaka adhuhuri. Kwa hiyo sauti yake hatunayo, wasikilizaji. Picha yake pia haiko, maana kamera nayo aliishuku. Na umri wake nilipomuuliza alinijibu, "Umri wangu wautakiani?"

Aliishi ghorofa ya kwanza. Kutwa alikuwa dirishani na kofia mkononi, bawa moja la dirisha limefunguliwa na la pili limefungwa, ili aone na asionekane. Kila mpita njia wa Ndia Kuu alilijua dirisha lile. Ukipita na mfuko mzito, unahisi umeulizwa una nini.

Sasa, ghorofa ya juu yake, mwenye nyumba, Mzee Badawi, alimpangisha Mjapani. Mjapani huyu jina lake Sugita. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, Kiswahili chake cha kujifunza lakini cha kueleweka. Kazi yake ilikuwa kuchora milango na madirisha ya kale ya Mji wa Kale. Alizunguka na kamba ya kupimia, akapima mlango wa huyu na roshani ya yule. Bi Mwanakuu akamwambia binti yake, Ummukulthum, "Mtu apimaye nyumba ya mwenziwe yuwataka nini, kama si kuinunua?" Na mkisema alikosea, nitawauliza, ni nyumba ngapi za kale zimekwenda hivyo hivyo? Basi.

Ikaja Machi, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Siku ya Ijumaa. Japani ilitikisika kwa zilzala kubwa, kisha bahari ikapanda ikaingia miji. Zilzala, kisha tsunami. Huku kwetu ilikuwa asubuhi, watu wanajitayarisha kwa sala ya Ijumaa. Kwa Kaizar, Mbohora mwenye duka la vyombo pale Ndia Kuu, kulikuwa na televisheni juu ya kabati, na watu wakajaa mpaka barabarani. Tukaona maji meusi yakibeba magari na nyumba.

Mtadhani watu walilia. Wachache walilia. Wengi tulishuku. Mmoja alisema hiyo ni filamu. Mwingine akasema ni bomu limejaribiwa chini ya bahari, tunafichwa. Wa tatu akasema yanakuja huku, serikali inajua, inanyamaza. Jioni hiyo wenye magari wa Kizingo walipakia watoto na magodoro wakapanda Mazeras, kwenye miinuko. Kwenye feri ya kuvukia ng'ambo, watu walifika ukingoni wakayatazama maji, wakarudi nyuma, wakasema Likoni itangoja. Na vijana walipotoka kukusanya mablanketi ya kuwapelekea waathiriwa, waliulizwa mlango kwa mlango, "Yatafika, au yatauzwa?" Ndivyo tulivyokuwa. Msiba wa watu elfu na elfu, na sisi twaangalia nani anatudanganya.

Na katikati ya watu pale dukani alisimama Sugita. Aliitazama televisheni mpaka picha zikaanza kurudiwa. Kaizar akamwambia, "Pole, bwana." Sugita akainama kidogo. Kisha akatabasamu. Wote walimwona. Akanunua bakuli tatu ndogo, nyeupe, akaondoka.

Hapo ndipo mtaa ulipopata la kusema. Kwao kunazama, yeye anacheka na kununua bakuli.

Asubuhi ya Jumamosi harufu ya moshi wa udi ikateremka ngazi. Bi Mwanakuu akainusa kabla ya watu wote, na ningeshangaa ingekuwa vingine. Mwanamke mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa akianika nguo juu ya sakafu ya paa, akachungulia chumbani kwa Mjapani. Akaona bakuli tatu za wali zimepangwa. Moshi unafuka mbele ya bakuli. Na hakuna anayekula.

Wasikilizaji, nyinyi wa bara labda hamtaelewa mara moja, lakini Mombasa sinia ya chakula kisicholiwa, pamoja na moshi, ina maana moja. Ni chano cha pepo. Ni chakula anachowekewa pepo ili atulie, au ili atumwe. Bi Mwanakuu alisema dirishani, kwa sauti ya kusikika, "Yule yuwalisha pepo." Na neno hilo likashuka Ndia Kuu mpaka mwisho wake. Kufikia alasiri lilikuwa limekua. Pepo ni wa bahari. Mjapani alijua bahari itapanda, ndiyo maana alicheka. Na sasa anaita maji yaje huku.

Mzee Badawi akaja na wanaume wanne, watano. Alitaka mpangaji wake atoke kabla ya magharibi, mizigo na mwenyewe. Lakini Mzee Badawi ni mtu wa dini, hakutaka kumfukuza mtu kwa maneno ya juu ya paa. Alimwita Bi Mwanakuu. Akamwambia, "Wewe ndiwe uliyesema. Panda ukaangalie, kisha ushuke utuambie." Kwa hiyo mambo yote yalikuwa kinywani mwa Bi Mwanakuu. Akishuka na neno moja, mtu yule analala barabarani, na katika mtaa ule uliojaa hofu, sijui angelala salama.

Alivaa buibui lake. Akamchukua Ummukulthum, maana chumbani kwa mwanamume asingeingia peke yake. Mengine haya nimeyapata kwa Ummukulthum, aliyeshuhudia, na mimi nimemuuliza mara mbili, siku mbili mbalimbali, nione kama atageuza. Hakugeuza.

Walikuta bakuli tatu za wali. Nyuma ya bakuli kulikuwa na picha tatu.

Bi Mwanakuu akauliza, "Hawa n'nani?"

Sugita akasema, "Mama. Baba. Dada yangu."

"Wako wapi?"

"Nyumba haiko. Napiga simu, haiingii. Jirani yao aliyeokoka amesema mtaa wote umechukuliwa." Na akatabasamu tena, tabasamu lile lile la dukani.

Bi Mwanakuu akamwambia, "Wacheka nini, wewe?"

Sugita akafikiri, akitafuta maneno. Akasema, "Kwetu si adabu kulia mbele ya mgeni."

"Na wali huu yuwala nani?"

"Wao."

Bi Mwanakuu akasema astaghfirullah, akageuza uso. Ummukulthum anasema alidhani sasa mama anashuka, na mambo yamekwisha. Lakini mamake alikuwa ametazama pembeni, penye jiko la mafuta. Akalisogelea. Akaweka kiganja ubavuni mwake, kama mtu apimaye homa ya mtoto.

Lilikuwa moto.

"Umepika mwenyewe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Jana pia?"

"Ndiyo. Ni jiko langu, sikuazima."

Maskini, alidhani anashutumiwa kwa jiko. Hakujua kwamba katika mtaa ule, nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Siku tatu hawawashi. Jirani ndiye apikaye, jirani ndiye aletaye, na mfiwa kazi yake ni kukaa na msiba wake. Mtu kufiwa na mama na baba na dada, kisha akasimama jikoni kupika wali peke yake, na chini yake kuna nyumba yenye sufuria na mikono ya wanawake wawili. Hiyo kwetu ni aibu ya jirani.

Bi Mwanakuu akalizima jiko. Akalifunika kwa upindo wa buibui lake, akalibeba, akashuka nalo ngazi, na mafuta ya taa yanamchuruzikia mguuni.

Wanaume walikuwa wakingoja mlangoni. Mzee Badawi akauliza, "Umeona nini?"

Bi Mwanakuu akaliweka jiko chini, katikati yao. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeona mtu amefiwa na watu watatu, na hapana hata mmoja wenu aliyempelekea uji."

"Na ule moshi?"

"Moshi nimeuona. Siupendi. Tutauzungumza matanga yakiisha."

Mzee Badawi akamtuma mtu kwake akaseme waongeze kibaba cha mchele. Kaizar alitoa sinia mpya dukani. Mwanamke wa juu ya paa alipika mbaazi, na sijui kama alilala vizuri usiku huo. Siku tatu Sugita alilishwa na mtaa uliotaka kumfukuza.

Lakini msidhani Bi Mwanakuu aligeuka malaika. Kila mlo aliupeleka mwenyewe, na Ummukulthum nyuma yake, na alisimama mlangoni mpaka Sugita amalize. Alichelea asije akauweka mbele ya zile picha. Alimwambia waziwazi, "Chakula changu ni cha walio hai. Kula nikuone." Siku ya tatu, katikati ya wali na mchuzi wa samaki, Sugita alianza kulia. Alilia na tonge mkononi, mabega yakitikisika, adabu ya kwao yote imemshinda. Bi Mwanakuu alitazama ukuta. Waliposhuka alimwambia binti yake, "Leo nimezidisha pilipili." Ummukulthum anasema mchuzi ule haukuwa na pilipili hata moja. Alikuwa ameupika yeye.

Siku ya nne jiko likarudi juu, limesuguliwa, limetiwa tambi mpya.

Sugita alikwenda kwao. Hakumpata hata mmoja wa kumzika. Akarudi Mombasa, na yuko hadi leo, anatengeneza milango ya kale pamoja na maseremala wa mjini. Aliporudi, Bi Mwanakuu aliuliza, "Amerudi kufanyani?" Kisha akampelekea kahawa. Kila alasiri alimpelekea kahawa ya tangawizi, miaka yote, na kila alasiri aliuliza ile kamba ya kupimia imepima nyumba ya nani leo. Siku ile nilipokuwa kwake nilimwambia, "Basi wewe Mjapani wako umemwamini." Akanikata jicho. "Mimi? Simwamini. Nampa kahawa tu."

Jumatatu ya wiki iliyopita Bi Mwanakuu akafariki, usingizini, nyumbani kwake Ndia Kuu. Akazikwa siku ile ile. Nyumba ikajaa, sinia zikamiminika, na Ummukulthum akakaa msibani kama ada. Siku ya pili ya matanga akasikia harufu. Moshi wa udi, unateremka ngazi.

Akapanda. Alipanda na hasira, ameniambia mwenyewe. Alikuta picha tatu za zamani, na kando yake kitu cha nne. Hakikuwa picha ya mtu. Kilikuwa mchoro wa penseli, wa dirisha la ghorofa ya kwanza. Bawa moja limefunguliwa, la pili limefungwa, na nyuma ya bawa lile kuna giza tu. Mbele yake kikombe cha kahawa.

Ummukulthum aliniambia hivi, nayasoma maneno yake: "Moyo ulinipanda, Sabir. Mamangu alikuwa mtu wa sala tano. Awekewe kahawa mbele ya mchoro? Nikanyoosha mkono niuondoe. Nikamtazama Sugita, naye akanitabasamia. Nikakijua kile kicheko. Nikageuka nikatazama jikoni. Siku hizi ana mtungi mdogo wa gesi. Nikaweka kiganja penye meko. Yalikuwa moto. Sisi huku chini tumeletewa sinia mpaka zimekosa mahali, na yeye juu siku mbili ajipikia. Hapana aliyemhesabu kuwa amefiwa."

Nilimuuliza, "Ukafanyaje?"

"Nikauzima mtungi. Nikaubeba."

"Na mchoro?"

"Niliuwacha. Nilimwambia kahawa ile haina tangawizi, mama hainywi. Kisha nikampelekea sinia ya pilau, nikasimama mlangoni mpaka akamaliza."

Wasikilizaji wapendwa, rambirambi zetu ziende kwa Bi Ummukulthum, kwa wajukuu, kwa jamaa wote wa marehemu Bi Mwanakuu, mshona kofia wa Ndia Kuu. Na ziende kwa Bwana Sugita, wa ghorofa ya juu, aliyefiwa mara ya pili. Mola amrehemu Bi Mwanakuu na ampanulie kaburi lake.

Nanyi mnaonisikiliza, sitawaambia muache kushuku. Sitaweza, na mimi mwenyewe sijaacha. Nawaomba jambo moja dogo. Mkiona jirani ana jambo msilolielewa, pandeni ngazi, na mkifika juu, kabla hamjasema neno, liguseni kwa kiganja jiko lake.