Shangazi wa Komeo na Barua Isiyo Yake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, Shangazi atafunga daftari lake, atachukua mkoba na zile ndala zake za chini ya meza, na kuondoka kazini baada ya miaka kumi na tisa na miezi minne. Alikuja kushika simu kwa wiki mbili. Ndivyo alivyosema mwenyewe siku ya kwanza, na mpaka leo hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia kwamba wiki mbili zimekwisha.

Kwa wageni wa sherehe wasiotujua: sisi ni watu saba katika vyumba viwili juu ya duka la miwani, na tunatengeneza Komeo, programu ya kufungia faili kwenye kompyuta ili asizione asiyehusika. Benki na kampuni hulipia toleo lao. Wengine wote, yaani zahanati, shule, vikundi na mtu yeyote mwenye siri zake, hupata toleo la bure. Shangazi ndiye aliyepokea taarifa za hitilafu kutoka pande zote mbili.

Jina la Shangazi si la utani. Mkurugenzi wetu ni mtoto wa kaka yake. Alipoanzisha ofisi alikuwa na kompyuta mbili, fundi mmoja na simu iliyolia bila wa kuipokea, akamwomba shangazi yake, aliyekuwa ametoka kwenye kazi ya kuunganisha simu hospitalini, aje kumsaidia. Sisi tuliokuja baadaye tulimsikia bosi akiita Shangazi, tukafuata. Wateja nao wakafuata. Kuna meneja wa benki mwenye mvi nyingi kumzidi ambaye huanza barua zake rasmi kwa "Kwako Shangazi". Yeye humwita Mkurugenzi "mwanangu" mambo yakiwa shwari. Akimwita "Mheshimiwa Mkurugenzi", kila mtu hukumbuka ghafla kwamba ana kazi chumba cha pili.

Katika ofisi inayoishi kwa kompyuta, Shangazi aliandika kwa penseli. Madaftari yake makubwa yenye jalada jeusi yamefika matano. Kila taarifa ilipewa namba, tarehe, jina la aliyeleta na jibu alilopewa, na sheria yake ilikuwa moja: anayeleta taarifa ajibiwe siku hiyohiyo, hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado hatujui, tunatafuta. Jana alifika namba 6,212. Swali lake la kwanza kwa kila mpigaji lilikuwa ni kitufe gani kilibonyezwa kabla ya programu kugoma. Jibu siku zote lilikuwa kwamba hakikubonyezwa kitu, naye siku zote aliandika: kabonyeza.

Wengi wenu mnakumbuka kisa cha mwalimu mstaafu aliyesahau nywila yake. Komeo halina njia ya mlango wa nyuma, ukisahau, umesahau. Kila Jumatatu alipiga simu, na kila Jumatatu Shangazi alikaa naye akimkumbushia majina ya watoto, ya wajukuu, ya shule alizofundisha. Wiki ya tano alipiga akicheka mpaka akakohoa. Nywila ilikuwa "sitasahau". Shangazi alimpongeza, kisha akamwambia aibadilishe upesi, maana sasa wanaijua watu wawili.

Lakini miaka yote hiyo haikuwa vicheko vitupu. Ofisi hii ina ubishi mmoja uliodumu kuliko kiyoyozi chake: mtu aliyepewa programu bure, je, ana haki ya kudai irekebishwe haraka?

Tumtendee haki Mkurugenzi, hoja yake ilikuwa na uzito. Sisi ni wachache. Wanaolipia ndio wanaotufanya tufungue mlango kila asubuhi. Halafu yako masharti ambayo kila mtumiaji huyakubali kabla ya kuanza, yanayosema waziwazi kwamba Komeo la bure linatolewa kama lilivyo, bila dhamana. Kwa hiyo hitilafu ilipopatikana, toleo la kulipia lilirekebishwa kwanza, na toleo la bure lilisubiri sasisho la robo mwaka. Hakuna aliyedanganywa. Wengi wetu tuliafiki, mimi nikiwa mbele yao.

Shangazi aliafiki nusu. Anayetaka rangi mpya au maandishi makubwa asubiri, alisema, tena asubiri bila kununa. Ila penye hitilafu ya usalama hakukubali hata kidogo. Alilisema hilo kwenye kila kikao kwa miaka kumi na mitano, na kila mara katibu aliandika kwamba hoja yake imepokelewa. Imepokelewa, kwa lugha ya vikao, maana yake mnaijua.

Miaka minne iliyopita, Jumatatu asubuhi, alipiga mkunga wa zahanati moja. Umeme ulikuwa umekatika wakati Komeo likifunga faili zake, na kompyuta ilipowaka tena aliona folda asiyoijua, na ndani yake nakala za kadi za akina mama, wazi kabisa: nani ana mimba, nani ana maradhi gani, nani amekuja bila mumewe kujua. Alijaribu kuzifuta zikakataa. Komeo lenyewe lilikuwa likiilinda folda ile isifutwe, huku likimwachia kila mtu aisome. Mkunga aliongeza kwamba Ijumaa asubuhi kompyuta mbili za zahanati zingehamishiwa shule ya jirani, ambako nusu ya walimu ni wagonjwa wake na nusu nyingine ni waume zao. Msimamizi wake alikataa kuahirisha. Alimwambia faili si zimefungwa, hofu ya nini.

Fundi wetu mkuu, tunayemwita Kimya kwa sababu zinazojulikana, aliona kosa siku hiyohiyo. Jumanne toleo la kulipia lilikuwa limerekebishwa. La bure likapangiwa sasisho la robo mwaka, wiki saba mbele.

Jumatano ndipo kilipotokea kituko ambacho ofisi yoyote yenye akili isingekifanya. Tangazo la marekebisho lilibandikwa kwenye tovuti, na halikuwa tangazo la kawaida la kusema "tumeboresha usalama". Lilieleza folda inaitwaje, iko wapi, inajitokeza lini na ndani yake mna nini. Wenye kulipa walisoma, wakasasisha, wakalala salama. Wasiolipa waliachwa na hitilafu ileile, sasa ikiwa na ramani. Saa nane mchana mkunga alipiga tena. Alikuwa amelisoma. Alitaka kujua kama na walimu husoma tovuti yetu.

Kikao kiliitwa wimawima, karibu na birika la chai. Mkurugenzi alirudia masharti, tena kwa upole, kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kutoka jasho. Kulitoa toleo la bure kabla ya ratiba kulimaanisha kumwondoa Kimya kwenye kazi ya benki iliyokuwa ikisubiri, na leo tukimfanyia mkunga, kesho tutaifanyia dunia nzima. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwani nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Hatukumwambia ajaribu bahati. Tulimwambia afungie humu siri za watu, akatuamini. Hiyo bei ya bure tuliipanga sisi, Mheshimiwa Mkurugenzi, hakutuomba."

Akachukua simu ya mezani, akapiga namba ya zahanati, akamnyooshea. Mkurugenzi aliuliza amwambie nini.

"Mwambie ulichotuambia sisi."

Mkurugenzi alishika mkono wa simu. Alisalimia, akajitambulisha, akasikiliza. Hatukusikia mkunga alichosema. Tuliona tu bosi wetu akigeukia dirishani, akikuna kichwa, akiitikia "ndiyo, dada" mara nne au tano. Mwisho alisema, "Kesho alasiri, dada. Nakuahidi mimi mwenyewe." Kimya alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake kabla simu haijakatwa.

Alhamisi ile hakuna aliyetoka kwenda kula. Shangazi alimpigia mkunga asubuhi kumwambia tumefika wapi, akampigia saa sita, akampigia saa nane. Saa tisa na nusu sasisho la bure likatoka. Saa kumi na moja kasoro simu ikalia, Shangazi akasikiliza, akaweka mkono kifuani, akatuambia folda imetoweka kwenye kompyuta zote mbili, na kwamba tarehe za faili zinaonyesha hakuna aliyezifungua zaidi ya mkunga mwenyewe. Halafu akakaa, akavua viatu, akaomba maji. Mkurugenzi ndiye aliyemletea. Mimi nilienda kusimama kwenye ngazi, nikalia kidogo kwa furaha, nikarudi nikisema nina mafua.

Tangu wiki ile marekebisho ya usalama hutoka kwa wakati mmoja kwa wote, wanaolipa na wasiolipa, na tangazo huja baadaye. Tumeshafanya hivyo mara kumi na moja, na dunia nzima haijatuangukia kama ilivyotabiriwa. Benki ile ilisubiri siku mbili bila kulalamika. Mkurugenzi bado husema ule ni ungwana wetu, Shangazi husema ni wajibu, na kila mwisho wa mwaka hubishana upya huku wakimenya machungwa. Utaratibu wenyewe hakuna anayeugusa. Mimi nilihamia upande wa Shangazi siku ileile na sijarudi.

Hapo ndipo wasifu huu ungetakiwa kumalizika. Hata hivyo, ili niuandike nilipewa jalada lake la utumishi, na nilipofungua ukurasa wa nidhamu nikakuta mstari mmoja: onyo la maandishi, moja. Nyuma yake imebanwa barua ya Ijumaa ya wiki ile, inayomwonya kwa kuruhusu tangazo lenye siri za hitilafu kubandikwa kabla ya wakati. Miaka kumi na tisa na miezi minne, na hilo ndilo doa lake pekee.

Tangazo lile nililiandika mimi. Nilikuwa na miezi miwili kazini, nimetoka kwenye chumba cha habari, na nilijivuna kwamba sijawahi kuandika habari isiyojibu nani, nini, wapi na lini. Utaratibu ulitaka kila tangazo lisomwe kwanza na Shangazi. Jumatano ile asubuhi alikuwa ameenda kung'olewa jino, nikaona nitachelewa, nikaacha nakala mezani kwake na kulibandika mwenyewe. Lilikuwa tangazo bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Hilo ndilo lililokuwa balaa lake.

Ijumaa ile, Mkurugenzi alipouliza nani aliliruhusu, nilifungua mdomo. Shangazi, shavu likiwa bado limevimba, aliniwahi. Alisema tangazo lilipita mezani kwake. Huwezi kuuita uongo, karatasi kweli ililala pale. Nilipomfuata baadaye nikimwomba aniache niseme, alinijibu kwamba mimi niko kwenye muda wa majaribio na nina watoto watatu wanaosoma. "Wewe atakufukuza. Mimi nilimbeba mgongoni, atanifukuza aende wapi?" Alinikataza nisilitaje tena. Nikatii, na kwa aibu niseme kwamba kutii kulikuwa rahisi. Nilithibitishwa kazini, nikapandishwa cheo, na kila nilipopita mezani kwake aliniuliza watoto wanaendeleaje.

Nimeyaandika haya kwenye kijitabu cha sherehe kwa sababu nikiyasema kwa mdomo atanikatiza, na kwa sababu nikingoja mpaka saa kumi atakuwa ameshatoka na onyo langu kwenye jalada lake. Nilipomaliza kuandika aya iliyotangulia nililala usingizi ambao sijaupata kwa miaka minne.

Kwa niaba ya wote, Shangazi, tunakushukuru kwa kila aliyepiga simu akiwa na hofu na akakata akiwa na jibu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatishwa na mtu, na wajukuu wanaokiri walichobonyeza. Uishi raha mustarehe, mama yetu.

Nawe Mkurugenzi, barua ile si yake. Naomba uitoe kwenye jalada leo, kabla hajashuka ngazi, na umkabidhi aichane mwenyewe. Nyingine yenye jina langu nimeshaiandika, iko mezani kwako, inasubiri sahihi tu.