Picha ya Mwanvita Ukutani

Sogeeni, wanangu. Shamsia, kaa hapa miguuni, nawe Sufiani kaa karibu na dada yako, msinifanye nigeuze shingo huku na huku kama mtu anayevuka barabara pale Mwembesongo, maana pumzi iliyobaki ni ya kusemea tu.

Shamba la mlimani msiliguse. Lile ni la ukoo wa mama yangu, na kwa desturi yetu Waluguru litakwenda kwa wapwa zangu, watoto wa shangazi yenu Zuhura. Wakiwaletea ndizi pokeeni, wasipowaletea nyamazeni. Changu ni nyumba hii, nanyi mtakaa humu pamoja, na ile kamera yenye lenzi niliyowapigia maharusi wa mji huu mpaka mgongo ukapinda. Kamera nampa Shamsia. Usinune, Sufiani, wewe mwenyewe ulisema simu inakutosha, ukamtupia dada yako methali kwamba mchagua jembe si mkulima. Haya, kalime.

Sasa nije kwenye linaloniuma kuliko ugonjwa. Tangu hitima ya mama yenu hamsemeshani. Wewe Shamsia ulitaka ukutani pawekwe ile picha niliyompiga mama yenu Mwanvita studio, ambayo hata ikikuzwa ikalingana na mlango, kope zake utaziona moja moja. Ndugu yako akakuza ile aliyompiga yeye kule Bigwa, kwa simu iliyokwaruzika kioo cha kamera, mama yenu katoka kuchuma mchicha anacheka. Iliporudi kutoka kusafishwa akaitundika, uso ukawa mabaka matupu, nawe ukasema mbele ya majirani kwamba Sufiani amemuua mama mara ya pili. Neno lile, mwanangu, lilikuwa zito. Ndugu yako alilia uani, nilimsikia, nami sikuwa na nguvu ya kumfuata. Na jana nimekusikia jikoni ukisema nikishazikwa picha ile itashushwa.

Isishushwe. Nawausia hilo kuliko yote.

Lenzi ina thamani yake, mtu asiwadanganye. Picha ndogo ya kitambulisho inaficha aibu ya lenzi yoyote, lakini ukiikuza, kasoro za kioo nazo zinakua, na hapo ndipo lenzi nzuri na mbovu zinapoachana njia. Shamsia, hapo una haki, na kazi yangu umeishika. Ila kuna jambo ulilisahau kwa hasira: picha kubwa haitazamwi kwa pua. Kadiri unavyoikuza ndivyo unavyomrudisha nyuma mtazamaji. Ninyi mlisimama chini yake mnagombana, mkaona mabaka. Mimi mmenilaza huku chumbani, mlango wazi, sebule nzima iko kati yangu na ukuta ule, na tangu siku hiyo namuona Mwanvita mzima, na pengo lake la jino, anacheka.

Studio hakunichekea hata mara moja. Alikuwa akikaza shingo kama anayesubiri sindano. Lenzi bora ilikuwa mkononi mwangu, kicheko kikamwendea mwenye simu mbovu. Niliona wivu, Sufiani, sikufichi, kisha nikakushukuru kimoyomoyo, maana usiku kifua kinapobana namtazama yeye mpaka kunakucha. Nimemkumbuka sana mama yenu. Sikujua mtu anaweza kumkumbuka mtu hivi.

Ile ya studio iwekeni pia, karibu na kiti cha wageni, waione kwa karibu. Ukuta unazitosha zote mbili. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini wanangu, hili limekwenda mno, na mkiendelea baada yangu nani atawapatanisha?

Ngojeni... nipumzike kidogo.

Mnizike kando ya mama yenu. Msichelewe kwa kumngoja mtu. Radhi zangu mnazo nyote wawili, na Mungu awape watoto watakaowasikia kuliko ninyi mlivyonisikia.

Sasa inukeni. Njooni huku kichwani. Inama, Shamsia, jicho lako liwe usawa wa mto wangu. Tazama kule ukutani, usifanye haraka...

Unalia. Basi umemuona.

Mshike dada yako, Sufiani. Mshike... Maji sitaki. Sogeeni pembeni kidogo tu, mmenizibia, nami bado namtazama.